Swali la Tisa

Duka la fotokopi mbele ya geti la chuo lina mashine mbili, na siku ile moja ilikuwa imegoma. Foleni ilifika mpaka kibarazani. Katikati yake alisimama dada mmoja mwenye gauni la zambarau na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Chuoni walimwita Bi Takwimu, kwa sababu takwimu ndiyo kazi yake, na kwa sababu hata chumvi ya mboga aliipima kwa kijiko. Alikuwa na dodoso la kurasa nne, nakala mia tatu, na haraka zake.

Alipokabidhiwa mzigo akakagua. Ukurasa wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu ulikuwa wimbo.

"Hii nini tena?"

"Sauti ya pili hiyo," alijibu mtu nyuma yake. "Na mimi hapa nimepewa 'Je, unalala saa ngapi kwa siku?' Nilishaanza kuitafutia tuni."

Akageuka. Mwanamume mrefu, shati la njano lililonyooshwa kwa pasi, kifungo kimoja cha rangi yake peke yake, na macho yaliyoanza kucheka kabla ya mdomo.

"Kaka, unacheka? Nakala mia tatu hizi."

"Dada yangu, nikilia zitajipanga?"

Wakakaa kibarazani wakitenganisha karatasi moja moja, saa moja na nusu. Mpaka wanamaliza, Bi Takwimu alishajua kwamba huyu ni mwalimu wa muziki, hajaoa, na chai anakunywa bila sukari. Hakuuliza yote hayo, jamani, ila mengine aliuliza.

Mchana akaingia kwenye kikao cha mradi wake, na Daktari anayeuongoza akamtambulisha mjumbe mpya. Shati la njano.

Mradi wenyewe ulikuwa hivi: chuo kilitaka kujua nini kinamfanya mtu aishi vizuri, si kukosa ugonjwa tu, bali kuamka asubuhi akiwa na hamu ya siku yake. Wakachagua maghorofa manne ya wapangaji nyuma ya soko. Daktari apime presha, mwanasaikolojia aongee na watu, mchora ramani za majengo arekebishe ngazi zenye giza, Mwalimu aanzishe kwaya ya wapangaji, na Bi Takwimu ahesabu kama yote hayo yamesaidia.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema Daktari, mama wa makamo asiyependa vikao virefu.

"Kwaya nayo imekuwa dawa?" Bi Takwimu alimnong'oneza Mwalimu.

"Wewe hesabu, mama. Kuimbisha niachie mimi."

Basi mmoja akahesabu, mwingine akaimbisha, miezi mitano, na humo katikati mapenzi yakaingia bila hodi. Kila jioni simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Unafanya nini?"

"Nakusikiliza."

"Hiyo siyo kazi."

"Kwangu ni kazi, tena naifanya vizuri."

Lakini ikigonga saa tatu usiku, simu ya Bi Takwimu inazimwa. Sheria hiyo ilikuwa na miaka sita, tangu baba yake alipofariki na habari ikamfikia kwa simu usiku wa manane. Mlio wa simu usiku ulimtia ganzi mwili mzima. Sheria alimwambia Mwalimu, sababu hakumwambia. Mwalimu naye hakuuliza, akatii.

Ikaja awamu ya mwisho ya madodoso. Wapangaji walijaza, na watu wa mradi nao wakajaza. Hayakuwa na majina, na Bi Takwimu alikuwa amekula kiapo cha kutomwambia mtu yeyote alichokisoma, hata mwandishi wake. Jumatatu, akiingiza majibu kwenye kompyuta, akakutana na mwandiko anaoujua, wenye herufi h iliyojikunja mkia. Swali la tisa: Je, kuna mtu unayeweza kumpigia simu saa yoyote ukiwa na shida?

Hapana.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Hapana ilikuwa palepale.

Miezi mitano ya umekula-mpenzi, kumbe yeye si mtu! Aliumia, nisiwafiche, aliumia kweli. Na angemuuliza vipi? Kuuliza ni kuvunja kiapo. Akaandika sifuri, alama ya hapana, kwenye kompyuta, na jioni simu ilipoita hakuipokea.

"Simu inalia mpaka sufuria zinashtuka," alisema shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye. "Kijana wa watu kakukosea nini?"

"Siwezi kusema, shangazi. Nimekula kiapo."

"Kiapo cha kununa? Muulize, mwanangu. Kuuliza si ujinga."

"Hili siruhusiwi kuuliza."

Shangazi akatikisa kichwa, akarudi kwenye mchele wake.

Siku ya tatu Mwalimu alimvizia kwenye korido ya ofisi. "Niambie kosa langu nitubu."

"Huna kosa."

"Mbona basi umefunga kama benki Jumapili?" Bi Takwimu akapanga upya karatasi alizobeba. "Kuna chuo cha mji mwingine kimeniita kazini, kinataka jibu langu Ijumaa. Nikikosa sababu ya kubaki, nitakwenda."

"Safari njema," alisema Bi Takwimu, na akajichukia papo hapo.

Alhamisi kikakaa kikao cha matokeo. Presha zimeshuka, majirani wanajuana kwa sauti hata gizani, ngazi zinapitika. Swali la tisa tu lilikuwa kinyume: wanakwaya wenyewe, watu wenye marafiki tele, wengi wameandika hapana.

"Takwimu hazidanganyi," alisema Bi Takwimu bila kuinua uso.

"Hazidanganyi," alikubali mwanasaikolojia, "ila huenda sisi tumeuliza vibaya. Atakayependa aseme alijibu nini, na kwa nini."

"Mimi nilijibu hapana," alisema Mwalimu.

Kalamu ya Bi Takwimu ikasimama.

"Mtu yupo. Habari yangu njema ni yake kwanza, na mbaya vilevile. Lakini simu yake inazimwa saa tatu, na swali linasema saa yoyote. Mwezi uliopita mama yangu alilazwa usiku. Nilikaa na simu mkononi mpaka kukakucha. Sasa niandike ndiyo? Nitakuwa mwongo."

Bi Takwimu aliikumbuka asubuhi ile. Mwalimu alimwambia mama yake alilazwa ila anaendelea vizuri, naye Bi Takwimu akamtania kwamba macho yake yamevimba kama ya bundi.

"Kumbe tumepima simu, hatukupima watu," alisema Daktari. "Swali libadilishwe. Tuendelee."

Lakini Bi Takwimu alishatoka. Mwalimu alimkuta kwenye ngazi, machozi yanamtiririka chini ya miwani.

"Nililisoma jibu lako," alisema. "Nilikatazwa kukuuliza."

"Na sababu ya saa tatu mimi sikukuuliza, na hakuna aliyenikataza."

Akamweleza: baba, usiku, simu. Mwalimu akamshika mkono. Kusikiliza alikuwa anajua.

Usiku ule Bi Takwimu aliiweka simu kando ya mto bila kuizima. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ikalia. Ganzi ikampanda mpaka mabegani. Akaipokea hivyo hivyo.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mpenzi. Niko macho tangu saa kumi, naogopa kupiga."

"Shida yako nini?"

"Leo Ijumaa. Wale wanataka jibu langu, na mimi nataka la kwako kwanza. Utaolewa na mimi?"

Akacheka, akalia, akacheka tena. "Swali lina utata. Saa za kazi, au saa yoyote?"

"Saa yoyote."

"Basi andika ndiyo. Tena kwa wino."

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka kwa kishindo, shangazi akatokea na kanga begani, mkono kifuani.

"Simu saa hizi? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, shangazi," alisema Bi Takwimu. "Naolewa."