Toroli Lisilo na Namba

"Chuja orodha yote. Nataka namba za gari za soko la Kalerwe tu."

Lanyero alisema hayo redioni huku pikipiki yake ya Yamaha ikipasua msongamano wa Kampala. Kule ofisini Nakawa, Sifuna, fundi Mkenya wa kitengo chao cha polisi, aliinamia MacBook waliyowanyang'anya wasafirisha silaha asubuhi ile. Programu yao ilikuwa ya Objective-C, ya kizamani: safu moja ndefu, ndani yake kamusi mia mbili, kila mzigo na kamusi yake. Mahali, dereva, namba ya gari.

Mzigo mmoja wa Kalerwe ulikuwa bomu. Lingelipuka saa tisa alasiri.

Sasa ilikuwa saa nane na dakika arobaini.

"Nimechuja, afande. Zimebaki kamusi nne. Nimetoa namba zote kwa mkupuo, kwa amri ya valueForKey. Tatu ni malori, na polisi wameyazuia. Ya nne imerudi null."

"Null ni nini?"

"Tupu. Haina namba ya gari. Mimi kawaida huitupa."

Lanyero akafunga breki. Januari, kule Kansanga, ilipotokea tupu kama hii, yeye mwenyewe ndiye aliyesema itupwe. Okidi, mwenzake wa miaka sita, alikuwa amesimama kando ya kile kisicho na namba kilipolipuka, akafa. Majuto ni mjukuu, na huyu wa Lanyero hakumwacha alale. Hata sasa alimsikia Okidi akipumua redioni, akaogopa.

"Usitupe. Ingia ndani ya hiyo kamusi. Soma kila kitu iko ndani."

"Dereva, Heritier. Mzigo, kabichi. Chombo..." Sifuna akasoma mara ya pili. "Toroli, afande."

Karani wa magendo alikuwa mwaminifu kwa kazi yake. Toroli halina namba, naye hakubuni.

Lanyero alipofika sokoni, yalikuwepo matoroli arobaini.

"Heritier!" akaita.

Wasukumaji walimtazama tu. Mmoja akaacha toroli lake, akatimua mbio, akaangukia mikononi mwa askari.

Lanyero akafukua kabichi. Saa ya Casio, waya mbili, zimebaki dakika sita. Akachomoa kifyatuzi.

"Wewe, toa toroli kwa njia," mama wa nyanya akamfokea.

"Pole, mama." Akalisogeza.

"Afande, uko?"

"Niko. Sifuna, kusoma ile kamusi ilichukua muda gani?"

"Sekunde nne hivi."

Lanyero akazima redio, akapanda Yamaha na kuondoka taratibu. Kansanga walikuwa na dakika kumi na moja kabla ya mlipuko.