Kadi za Kura Mkobani mwa Obdulia

Mama Macrina Cuatecontzi alipika maharage ya mtu mmoja, na bado yalibaki. Aliyafunika kwa sahani. Kesho atayala tena, na kesho kutwa pia.

Kwa miaka thelathini alikuwa karani wa shule ya msingi ya Santa Úrsula Tlalmapa. Siku hizo mlango wake haukufungwa. Huyu anataka cheti, yule anataka barua, mwingine amekuja kupiga soga tu. Kisha alistaafu. Mwaka juzi mumewe, Porfirio, akafariki. Wanawe wawili wako ng'ambo ya mpaka, Marekani, wanaezeka mapaa ya watu. Humpigia simu Jumapili, wakikumbuka.

Chakula kilikuwepo. Watu ndio hawakuwepo. Kuna siku alifika jioni bila kusikia sauti yake mwenyewe.

Mtu mmoja tu alikuwa akibisha hodi kwake. Huyo ni Obdulia Sarmiento, muuza nyanya na pilipili sokoni. Ndiye aliyembeba mtoto wa kwanza wa Macrina siku ya ubatizo. Tangu siku hiyo wakaitana komadre, kama desturi ya huko, na undugu wa namna hiyo haufutiki.

Mchana mmoja wa mwezi wa Machi, Obdulia aliingia na mfuko wa mikate mitamu.

"Komadre! Bado uko hai?"

"Nipo. Huko juu nani anitake?"

"Porfirio hakutaki?"

"Porfirio amepumzika, mwache apumzike."

Wakacheka. Macrina akachemsha uji wa mahindi. Obdulia akakaa, akafungua mkoba wake, akamwaga mezani kadi za kupigia kura. Zilikuwa nyingi. Kila moja ina picha na jina la mwenyewe.

"Nisaidie kuandika majina. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku amepita kwenye majivu."

"Kadi za watu hizi. Za nini?"

"Za makapu ya chakula. Chama chetu kinagawa mafuta, mchele na sukari. Mtu anatoa kadi, anaandikwa, uchaguzi ukiisha anarudishiwa na kapu lake. Lete na yako."

Macrina alisita. Alikuwa karani. Alijua kwamba hati ya mtu haitoki mkononi mwake hivihivi. Lakini kazi ile ingechukua saa mbili, tatu. Obdulia angekaa. Nyumba ingekuwa na sauti. Basi akachukua kalamu.

Aliandika majina arobaini na mawili kwa mwandiko wake mzuri. Jina la arobaini na tatu lilikuwa lake.

Mwezi uliofuata, msichana mwenye fulana ya tume ya uchaguzi alibisha hodi. Alikuwa amebeba barua na ubao wa kuandikia. Jua lilikuwa limemchoma mpaka pua inambambuka.

"Shikamoo, mama. Naitwa Yareli. Mimi ni mkufunzi wa wasimamizi wa vituo. Jina lako limetoka kwenye bahati nasibu."

"Marahaba. Nimeshinda nini?"

"Kazi."

"Ah! Nilijua tu. Mimi sina bahati ya gari."

Yareli akacheka, akaeleza. Kila uchaguzi majina ya raia huchaguliwa kwa bahati nasibu. Hao ndio wanaosimamia kituo, si watu wa serikali wala wa chama. Ni majirani wanaohesabu kura za majirani. Na kwa kuwa Macrina alikuwa na elimu kuliko wenzake waliochaguliwa, yeye angekuwa msimamizi mkuu wa kituo cha pale shuleni.

Macrina aliwaza haraka. Jumapili nzima na watu! Alikubali kabla msichana hajamaliza kusema.

"Vizuri sana, mama. Naomba kadi yako ya kura."

Macrina akainama. "Iko kwa komadre wangu."

"Kwa nini iko kwake?"

Alieleza yote: makapu, mkoba, orodha. Yareli aliweka kalamu chini.

"Mama, kukusanya kadi za watu bila sababu inayotajwa na sheria ni kosa la jinai. Kumwahidi mtu kitu ili akupe kura yake ni kosa. Kumtisha ni kosa. Kadi ni ya mwenyewe. Bila kadi, siku ya kura atafika kituoni na kurudi nyumbani."

"Lakini wametoa wenyewe."

"Wametoa kwa sababu wana njaa, au wanaogopa. Chama hakina haki ya kukaa nazo."

"Orodha niliandika mimi," Macrina alisema. Uso ulimwaka kwa aibu. "Karani mzima! Niliandika ili asiondoke mapema."

Yareli hakumkaripia. Aliomba maji, akanywa, akamngoja atulie.

"Mimi si hakimu, mama. Ninachojua ni kwamba kuna waendesha mashtaka maalumu wa makosa ya uchaguzi. Mtu anaweza kuwapigia simu bila kutaja jina. Na wewe unaweza kuwaambia wale watu kwamba kadi ni zao."

"Na siku yenyewe wakija kunifanyia fujo? Mimi mjane, sina hata mbwa."

"Siku hiyo kituoni hakuna mkubwa kuliko wewe. Mtu akitisha wapigakura, akichungulia kura ya mwenzake au akileta vurugu, unamtoa. Mwenye silaha haingii. Bango la chama likiwa karibu na kituo, unaagiza liondolewe. Mtu akikaidi, unawaita polisi, na wanapaswa kukusaidia. Hali ikichafuka kabisa, unasimamisha upigaji kura mpaka watu watulie. Na anayemzuia msimamizi kufanya kazi yake anashtakiwa."

"Hata kama namfahamu?"

"Hata kama ni komadre," Yareli alisema polepole.

Kesho yake Macrina alikwenda sokoni. Obdulia alikuwa akipanga nyanya.

"Komadre, nimekuja kuchukua kadi yangu. Na za wenzangu."

"Yako chukua. Za wenzako zinakuhusu nini?"

"Ni kosa la jinai, Obdulia. Tunaweza kufungwa."

Obdulia akatazama huku na huku. Akashusha sauti. "Unajua nani amenipa nafasi hii sokoni? Ni chama. Nikirudisha kadi, kesho nauza nyanya zangu barabarani. Umefikiria hilo?"

"Sikujua."

"Basi sasa umejua. Ukitangaza habari hii, kwako sikanyagi tena. Utakaa na hayo maharage yako mpaka yaote."

Macrina alirudi nyumbani na kadi yake mfukoni. Alikaa jikoni bila kuwasha moto. Nani mwingine angekuja? Akipoteza Obdulia, anapoteza sauti ya mwisho nyumbani mwake. Alilia, kisha akanawa uso, akajitanda shali.

Alikuwa akiyakumbuka majina yote. Karani hasahau majina. Alipita mlango kwa mlango, siku tatu, bila kumtaja Obdulia vibaya.

"Kadi ni yako," aliwaambia. "Nenda ukaidai. Hakuna anayeruhusiwa kukaa nayo."

"Na kapu?" aliuliza mzee mmoja mfinyanzi, aliyeitwa kwa heshima don Ausencio.

"Kapu sijui. Kura yako ni siri, hilo nalijua. Hata wakikupa kapu, kwenye kibanda cha kupigia kura uko peke yako."

"Wewe ndiye uliyeniandika kwenye orodha, mama Macrina."

"Ni mimi. Nilikosea. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu."

Watu wakaanza kwenda sokoni, mmoja mmoja, kisha watano, kisha kumi. Walisimama mbele ya nyanya na kudai kadi zao. Wiki mbili kabla ya kura, mkoba wa Obdulia ulikuwa mtupu.

Na Obdulia alitimiza neno lake. Hakuja tena.

Siku chache kabla ya uchaguzi, tume ilimletea Macrina masanduku na karatasi za kura. Huko msimamizi mkuu hutunza vifaa hivyo nyumbani kwake mpaka siku yenyewe. Macrina aliviweka chumbani, akavifunika shuka safi. Siku ya pili alijikuta anaviaga akienda dukani. "Narudi sasa hivi," aliyaambia masanduku. Akajicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Jumapili ilifika. Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imezunguka uwanja wa shule. Macrina aliwaonyesha watu kwamba masanduku ni matupu, akafungua kituo. Kazi ilikwenda vizuri. Watu walimsalimia kwa jina. Moyo wake ulijaa.

Ilipokaribia saa tano, Obdulia aliingia. Hakupanga foleni. Alivuta kiti, akakaa mkabala na vibanda vya kupigia kura, simu mkononi na daftari mapajani. Kila mpigakura alipopita, Obdulia alimwita kwa sauti ya chini.

"Piga picha karatasi yako, unionyeshe. Tunajua nani apewe kapu."

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama katikati ya ukumbi. Hakuenda mbele wala kurudi nyuma.

Ukumbi wote ulikuwa ukimtazama. Macrina alisimama, akaenda mpaka kwenye kile kiti.

"Komadre, toka nje."

"Mimi nimekaa tu."

"Unatisha wapigakura na kuvunja siri ya kura. Mimi ni msimamizi mkuu wa kituo hiki. Toka, la sivyo naita polisi na tukio hili naliandika kwenye kumbukumbu."

Obdulia akainuka. Akasogea karibu, akasema kwa sauti ambayo Macrina peke yake aliisikia.

"Na kesho, nani atakuja kwako?"

Swali hilo lilimchoma Macrina kuliko tusi.

"Hakuna," alisema. "Toka, komadre."

Obdulia akatoka. Yule mwanamke mwenye mtoto akaingia kibandani. Macrina aligeuka arudi mezani, kisha akakumbuka jambo. Akatoka haraka mpaka mlangoni.

"Obdulia! Hujapiga kura."

"Si umenifukuza?"

"Nimemfukuza anayetisha watu. Mpigakura ana haki yake. Weka daftari na simu ndani ya mkoba, panga foleni."

Obdulia akatia daftari na simu mkobani. Kisha akaenda mwisho wa foleni. Alisimama nusu saa juani kama wengine. Zamu yake ilipofika, Macrina alimpa karatasi. Obdulia alikaa kibandani muda mrefu.

Jioni walihesabu kura. Matokeo yakabandikwa nje ya shule ili kila mtu ayaone. Kati ya watu arobaini na watatu wa ile orodha, arobaini na mmoja walikuwa wamepiga kura. Don Ausencio alikuwa amekuja na fimbo mbili. Yareli alimshika Macrina mikono yote miwili, akamshukuru.

Jumatatu hakuna aliyebisha hodi. Jumanne hakuna. Watu walimpungia mkono njiani, walimwita shujaa, kisha wakaenda makwao. Chumba kilikuwa kitupu bila masanduku. Macrina alikuwa mpweke, na alijua kwamba alichagua mwenyewe.

Alhamisi alivaa shali, akaenda kwa Obdulia. Akabisha.

"Nani?"

"Mimi."

Macrina akasubiri. Akasikia miguu inakuja hadi nyuma ya mlango, ikasimama.

"Umekuja na polisi?"

"Nimekuja peke yangu. Ningekutoa tena, komadre, usinielewe vibaya. Lakini nimekukumbuka."

Sauti ya Obdulia ikashuka.

"Macrina. Ile karatasi... wanaweza kujua nani alimpigia nani kura?"

"Hawawezi. Karatasi haina jina."

"Hata wakubwa wa chama?"

"Hata wao. Hata mimi niliyehesabu sijui."

Nyuma ya mlango Obdulia alivuta pumzi ndefu. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyekaa siku nne bila usingizi.

"Basi vizuri," alisema. "Maana kura yangu sikuwapa wao."

Mlango haukufunguka siku hiyo. Macrina alikaa chini kizingitini, akaegemeza mgongo kwenye mbao. Upande wa pili akasikia Obdulia naye anakaa.