Anayegonga Nyuma ya Ramani

Ramani ilianza kunuka makaa ya mawe yaliyolowa siku ya Jumapili, Orlena akipakua maharage. Akaifuta kwa kitambaa; kitambaa kikatoka cheusi. Mwanamke anayemwuguza mume mwenye mapafu yaliyojaa vumbi la mgodi hana nguvu za kuihoji karatasi.

Ilikuwa ramani kuukuu ya bonde la Caney, ya enzi ambazo kila nyumba ilichorwa kama mraba mdogo mweusi katikati ya mistari ya vilima. Garvis, mumewe, aliiokota ofisi ya mgodi ilipobomolewa, akaitundika jikoni apate kuona alipozaliwa, maana penyewe palishafukiwa kwa vifusi.

Jioni, jua lilipozama nyuma ya mlima, ukuta uligongwa. Ko. Ko. Ko. Palepale penye alama ya mlango wa mgodi.

"Usijibu," Orlena alinong'ona.

"Mama, mtu akigonga chini ya ardhi anajibiwa. Ndiyo sheria yetu wachimbaji," alisema Garvis.

"Mtu gani, mzee? Mgodi ule ulizibwa hata hatujaoana."

"Basi kangoja sana." Akachukua mpini wa sururu, akagonga mara tatu.

Tangu hapo hapakulalika: ukuta uligongwa wakila, ukagongwa wakisali, mlio ukahama kutoka jikoni hadi sebuleni hadi kichwani pa kitanda, harufu ikaingia kwenye mkate wa mahindi, kwenye shuka, kwenye nywele za Orlena, na kila mara Garvis alijibu, akikohoa, akichakaa, mpaka mpini ukaushinda mkono wake. Orlena aliogopa jambo moja tu, kubaki peke yake bondeni.

Akamwita Shangazi Delphia, aliyejua kuzuia damu ya jeraha kwa aya ya Biblia. Delphia akainusa ramani.

"Nani alimjibu?"

"Mimi," alisema Garvis.

"Mjinga wewe. Mchimbaji hugonga akitaka kutoka. Huyu anataka mtu aingie."

Akasoma aya yake kwa sauti ya chini, akaichoma ramani jikoni. Nyumba ikanyamaza. Orlena akalia kwa nafuu, akamlaza mumewe mchana kweupe, akaweka sikio kifuani pake asikilize pumzi.

Ko. Ko. Ko. Ilitoka humo humo, nyuma ya mbavu.

Akakifunika kifua kwa viganja vyote viwili. "Nyamaza," alimsihi. "Nyamaza, mume wangu."

Chini ya sakafu, taratibu, wengi wakaanza kugonga kumjibu.