Simu ya Dativa Inatumika

Dativa na Lukelo walijuana kwa kugombana. Ilikuwa mwaka tisini na saba, kaunta ya ofisi ya umeme Ifakara imejaa watu hadi mlangoni. Dativa alipenya na gauni lake la kijani akauliza ni nani anayekata umeme bila kuaga.

"Mimi, dada," alijibu kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu. "Kwani nimekuunguzia wali?"

"Umeniunguzia seva."

Lukelo alikwenda kuiona hiyo seva, kompyuta kubwa iliyotunza kumbukumbu zote za ofisi ya utafiti wa homa, akaishia kumtazama mtunzaji wake. Tangu hapo hakuzima laini ya umeme bila kumpigia simu. "Mpenzi, nakata. Mlaze mwanao." Dativa alicheka, akaizima seva taratibu.

Alhamisi moja alikuwa akiiwekea seva mfumo endeshi mpya, kazi ya mchana kutwa isiyotaka umeme ukatike katikati.

"Leo usinisahau, baba," alimwomba asubuhi.

"Nikusahau wewe?"

Alasiri umeme ukakatika. Simu haikulia. Betri ya akiba ilihimili kidogo tu, kisha diski ikafa na kumbukumbu za wagonjwa wa masika yote.

Dativa alifika ofisi ya umeme amewaka hasira. "Mwongo mkubwa wewe," alimwambia Lukelo mbele ya foleni nzima. "Usikanyage kwangu tena."

"Nimepiga mpaka kidole kinauma. Simu inatumika tu. Ulikuwa unaongea na nani? Yule fundi wa kompyuta wa Dar?"

"Sijashika simu tangu asubuhi. Usinifanye mhuni." Akaondoka bila kugeuka. Usiku alilia kwa ghadhabu, na kilichomuuma zaidi ni kwamba bado alimpenda.

Jumatatu alifunga diski mpya akaanza upya. Kulikuwa na faili la kuvuta kutoka Dar, akachomeka modemu, kifaa cha kupitishia mafaili kwenye simu, kwenye waya wa simu ya ofisi. Balbina, karani mwenzake, akanyanyua mkonga wa simu, akaurudisha kwa kishindo.

"Kompyuta yako imeshika tena simu. Alhamisi mchana kutwa ilikuwa hivi hivi."

Hasira yote Dativa aliyomwekea Lukelo ikamgeukia mwenyewe.

Alirudi kaunta ya ofisi ya umeme. Lukelo hakuinua macho.

"Ni kompyuta yangu iliyoshika simu," alinong'ona. "Nilisahau kuichomoa."

"Sema kwa sauti. Ulinitukana kwa sauti."

Damu ilimchemka upya, lakini alijua Lukelo ana haki. Akageukia foleni. "Jamani, Alhamisi nilimwita huyu mwongo. Si mwongo. Kosa ni langu." Kisha akamgeukia yeye. "Na wewe ulinisingizia mwanaume. Hilo utalisema lini?"

Lukelo aliweka kalamu chini. "Nilimsingizia," aliwaambia watu, uso umemkunjamana. "Wivu tu. Nisamehe, Dativa."

"Mkimaliza mtupokee na sisi bili zetu," alisema mama mmoja nyuma.

Lukelo alimfuata Dativa hadi nje. "Jumapili nakuja Idete kwa baba yako. Na mshenga."

"Bado nina hasira na wewe."

"Hata mimi ninayo."

"Basi njoo nayo hivyo hivyo," alisema Dativa. "Ila usichelewe, baba akitoka shamba hapendi kungojeshwa."