Mikono ya Bibi Machachari

Kila Jumamosi, akishafua sare na kuteka maji, Minza alichukua mchoro wake wa wiki akaukimbiza mpaka duka la intaneti karibu na soko la Sumbawanga. Mwenye duka, kaka Isdori, aliulaza mchoro kwenye skana, akabonyeza hapa na pale, na kufumba na kufumbua Bibi Machachari alikuwa mtandaoni, tayari kusomwa na dunia nzima.

Bibi Machachari alikuwa bibi wa katuni aliyegombana na kila kitu: mbuzi, mvua, hata redio yake mwenyewe. Mwanzoni kichwa chake kilikaa kama kibuyu. Mwaka ulivyokwenda, shingo ikapatikana, macho yakajua kucheka, na mbuzi wakaanza kufanana na mbuzi. Mikono tu ndiyo iliyomshinda Minza. Vidole vilimtoka kama karoti! Basi akamfunika bibi kwa kitenge, mikono ndani, katuni baada ya katuni.

Wasomaji hawakushtuka. Mmoja aliyekuwa masomoni Mwanza, mbali na baridi ya Sumbawanga, aliandika, "Baridi ya nyumbani hiyo! Umeipatia kweli." Isdori alipomsomea maoni hayo, Minza alitabasamu akazipokea sifa zisizo zake.

Jumatatu moja Mwalimu Bertilla, mlezi wa klabu ya afya, alimwita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Minza, mvua zinakaribia, na magonjwa ya kuhara huja nazo. Nataka Bibi Machachari awafundishe watu kunawa mikono. Katuni hiyo tutaibandika hapa shuleni, na nakala nyingine itapelekwa Kipili kwa wavuvi wa Ziwa Tanganyika. Niletee Ijumaa. Ukishindwa, nitamwomba fundi wa mabango."

Kipili! Minza alirukaruka njia nzima. Alipokaribia nyumbani ndipo akili ikamrudia: kunawa nini? Mikono! Akaacha kurukaruka.

Alijaribu, akafuta, akajaribu tena mpaka karatasi ikatoboka. Alhamisi, kwa hofu ya kunyang'anywa kazi, akachukua gazeti lenye tangazo la mafuta ya kujipaka, akalibandika kwenye kioo cha dirisha na kunakili mikono ya mwanamitindo, mstari kwa mstari.

Mwalimu Bertilla alipoiona kazi hiyo alicheka mpaka akafuta machozi.

"Bibi huyu analima shamba gani na kucha ndefu hizi?"

Minza aliona aibu. "Nimenakili, mwalimu. Mikono siiwezi. Hata kile kitenge si kwa ajili ya baridi. Nilikuwa naificha."

Mwalimu aliacha kucheka. "Afadhali umesema. Nakuongezea wiki moja. Achana na gazeti, kaangalie mikono inayofanya kazi."

Wiki hiyo watu wa nyumbani walikoma. Minza alimfuata baba yake, mzee Masunga, hadi zizini wakati wa kukamua.

"Baba, usisogee!"

"Nisisogee vipi, mwanangu, na ng'ombe ndiye anayesogea?"

Akahamia kwa jirani, Bibi Dominika, aliyekuwa akipepeta ulezi. Hapo akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona: kidole gumba hakikai safu moja na wenzake, kinaanzia chini, karibu na kifundo cha mkono. Akachora, akakosea, akachora tena. Ghafla mkono ule wa kwenye karatasi ukashika ungo kwelikweli.

"Mama! Njoo uone! Unashika! Mkono unashika!" alipiga kelele, kuku wakatawanyika.

Ijumaa Mwalimu Bertilla aliupokea mchoro kwa mikono miwili, na Jumamosi akafuatana na Minza dukani kwa Isdori. Bibi Machachari alikuwa ametupa kitenge begani, povu limemjaa mikononi mpaka vifundoni, akiigombeza sabuni: "Hunitoroki leo!" Haikupita muda, maoni yakaingia kutoka Mwanza: "Kumbe Bibi ana mikono!"

Duka zima lilicheka. Minza hakujua aweke wapi furaha yake. Kisha akamnong'oneza Isdori, "Kaka, zile za zamani zifute. Zinanitia aibu."

"Hafuti mtu," alisema Mwalimu Bertilla. "Zile mbovu ndizo zilizokufundisha hizi nzuri. Kukosea hakukukuchelewesha, Minza. Kilichokuchelewesha ni kuficha usichokijua. Mwaka mzima mkono ulikaa ndani ya kitenge, na mwaka mzima hukujifunza. Ulipokiri tu, wiki moja ikatosha."

Isdori alikuwa bado anazitazama katuni za nyuma. Akasogeza uso karibu na kompyuta.

"Sasa mbona bibi huyu kila siku amesimama kwenye majani marefu?"

Minza aliziba uso kwa viganja. "Nyayo, kaka. Nyayo nazo siziwezi."

Safari hii hakungoja kuulizwa zaidi. Alitoa penseli, akachuchumaa sakafuni, na Mwalimu Bertilla, huku akicheka, akavua viatu.