Alasiri za Kwa Paskalina

Mvua ya Mbeya haina adabu. Siku hiyo, mwaka wa sabini na tano, ilimkuta Mwanakhamisi katikati ya soko la Sokomatola, redio kubwa ya mezani kichwani, gauni la maua limemganda mwilini. Akateleza kwenye tope. Redio haikufika chini. Ilidakwa na kijana mrefu mwenye shati la kola ndefu na suruali bwaga.

"Polepole, bibie! Shingo nyembamba hivyo na mzigo huu wapi na wapi?"

"Shingo yangu yakuhusu nini? Nipe redio yangu."

"Redio gani, na imekufa?" Aliinusa kwa nyuma. "Imeungua hii. Mimi Bushiri, fundi redio, kwetu Iringa."

Mwanakhamisi alikuwa fundi cherehani, na bila muziki mkono wake haukwenda. Wakajibanza kwenye baraza la duka, Bushiri akafungua mfuniko. Transfoma, kile kichuma kizito kinachopunguza umeme, ilikuwa nyeusi tii. Bodi yenye nyaya na vidude vyote nayo ilikuwa imeungua.

"Vipya huviwezi, hata mimi siviwezi," alisema. "Tutafute redio mbovu ya mtu, tutoe vya ndani. Bodi hata kuukuu itakufaa. Ila transfoma usiifanyie ubahili, mrembo. Ikiwa dhaifu itaua na bodi."

"Nani kakwambia naitwa mrembo?" Lakini alikuwa anacheka.

Ramadhani ilipoingia walikuwa wapenzi, tena wa kugombana. Kisa wivu wa Mwanakhamisi, jamani! Mteja mmoja tu alimwita Bushiri "kaka Bushi", bibie akasusa wiki nzima. Bushiri akamwambia wazi: "Mwana wangu, nakupenda, lakini ukirudia hivi tena tutaachana." Akarudi Iringa na ile redio kutafuta vipuri.

Kila Ijumaa Mwanakhamisi alikwenda posta kupiga simu kwenye duka la jirani yake Bushiri. "Leo utafuturu nini, mpenzi?" "Nitafuturu sauti yako." Maneno kama hayo, na foleni nzima inasikiliza. Ijumaa moja akapokea mwenye duka, Filemoni.

"Bushiri? Siku hizi alasiri humpati, shemeji. Yuko kwa Paskalina, yule nesi mjane wa Miyomboni. Ukipita pale ni muziki na vicheko."

Wee! Nesi? Mjane? Muziki? Mwanakhamisi aliacha gauni la bibi harusi wa watu mezani, asubuhi yake akapanda basi la Iringa. Lilipofika Makambako, kichwani mwake Paskalina alikuwa na wigi na midomo myekundu. Lilipofika Mafinga, alikuwa tayari ana mimba ya Bushiri.

Alasiri, Miyomboni, aliisikia nyumba kabla hajaiona. Akaingia bila hodi. Bushiri alikuwa amekaa mkekani, pekupeku. Paskalina alikuwa kwenye kochi anafuma sweta, mwanamke mzuri kweli, mwenye mwanya, gauni la bluu limemkaa sawasawa. Mezani redio ilikuwa wazi, matumbo nje, inaimba.

"Kumbe!"

"Mwana! Umetokea wapi?"

"Nimetokea kwenye ujinga wangu! Mimi naunguza hela za simu, mwenzangu umestarehe kwa mjane!" Akaikamata swichi, akaizima redio.

Bushiri alishika kichwa. "Ala! Tangu mchana naipasha, umeizima!"

"Unapasha nini?"

"Bodi! Bodi kuukuu ikiwa baridi huimba kama mpya. Ikipata moto ndipo ugonjwa wake hutoka. Lazima niikalie alasiri nzima. Paskalina haitoi kwenye redio yake kabla sijalipa, na mimi silipi kabla sijapima. Transfoma yake ililia, dalili ya ubovu, nikaleta nyingine, ikalia, nikaleta hii. Kila nikibadili transfoma naanza kupasha upya. Haya, yote kwa ajili ya redio ya nani?"

Mwanakhamisi aliondoa mkono kwenye swichi.

"Dada, nisikufiche," alisema Paskalina, sindano zimetulia. "Mimi nilijaribu. Gauni hili ni la sikukuu. Lakini huyu ni Mwana hivi, Mwana vile, mpaka nimechoka."

Bushiri hakucheka. "Kazi yangu ni nyumba za watu, Mwana. Leo kwa Paskalina, kesho kwa mwingine. Nilikwambia ukirudia tunaachana. Sasa sijui."

Mwanakhamisi aliutazama ule mwanya, akalitazama lile gauni. Wivu ulikuwa palepale. Kiti kilikuwepo, angeweza kukaa amlinde mpaka jua lizame. Alitamani sana kukaa.

Akaiwasha redio.

"Anza upya," alisema. "Mimi nakwenda kwa shangazi yangu, hapa hapa mjini. Dada, unisamehe, nimeingia bila hodi."

Akatoka, machozi yanamtiririka, akakaza mwendo ili asigeuke.

"Mwana!" Bushiri alikuwa mlangoni, mguu mmoja nje, mmoja ndani, anaogopa kuiacha redio. "Mjomba wako, kule Mbeya, Jumapili yupo nyumbani?"

"Wa nini?"

"Nakuja na wazee wangu. Kuposa!"

Mwanakhamisi alicheka na kulia kwa pamoja, pale pale njiani, watu wanamtazama.

"Yupo! Njooni!" Akageuka kuondoka, akashindwa, akageuka tena. "Lakini huo mlango, Bushiri, usiufunge!"