Kidonda cha Mama Reine

Nyumba ya Euphrasie kule ughaibuni, mjini Columbia Heights, ilikuwa haitulii. Binti yake Reine alikuwa anaolewa! Vitenge vilijaa juu ya makochi, simu zililia, na mumewe Callixte alijaribu viatu vipya huku akiimba.

Euphrasie alicheka, akanywa maji, akaenda msalani, akarudi kunywa tena. Mguuni alikuwa na kidonda. Kiatu cha kazi kilimchubua kwenye ghala alikofanya kazi, mji wa Shakopee, na kidonda kikagoma kupona.

"Kinauma?" Callixte aliuliza.

"Hata! Ernestine wa kanisani amenigawia antibiotiki zilizobaki alipougua jino. Kitafunga tu. Arusini nitacheza mpaka mshangae!"

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yao Fathiya, mzaliwa wa Mombasa, muuguzi katika kliniki. Alileta sufuria kubwa ya kupikia pilau ya arusi. Alipouona ule mguu, aliitua sufuria.

"Dada, kidonda hiki kina muda gani?"

"Tangu theluji ianze kuyeyuka. Lakini ninatumia dawa."

"Nani kakuandikia?"

"Hakuna. Ni antibiotiki alizobakiza Ernestine."

"Antibiotiki huua bakteria," Fathiya alisema kwa upole. "Si kila kidonda kinazihitaji, na si kila bakteria hufa kwa dawa ileile. Ukimeza ovyo, bakteria huzizoea. Siku ukizihitaji kweli, hazikusaidii. Na hiyo kiu je? Na kwenda msalani kila mara?"

"Nilidhani ni uchovu wa kazi."

"Huenda ni kisukari. Sukari ikizidi kwenye damu, kidonda huchelewa kupona na mguu hufa ganzi. Kutouma si habari njema, dada. Twende leo hii."

"Na maandalizi ya arusi?"

"Unataka kumsindikiza Reine kwa mguu upi?"

Wakaenda. Huko kliniki walimchoma kidole, wakapima tone la damu. Sukari ilikuwa juu sana. "Mtanikata mguu?" Euphrasie aliuliza.

"Umewahi," daktari alimwambia. "Kisukari kinaweza kudhibitiwa. Mguu huu tutauokoa."

Daktari alisafisha kidonda na kuchukua majimaji yake kupima bakteria. Alimwandikia dawa ya kisukari, pamoja na antibiotiki iliyofaa kidonda hicho. "Meza kama nilivyoelekeza. Usikatishe, wala usimgawie mtu."

Vile vidonge vya Ernestine vikapelekwa duka la dawa viteketezwe. Soda zikatoka kwenye friji. Fufu, ugali wao wa muhogo, ikapungua sahanini; sombe, yaani kisamvu, na maharagwe vikaongezeka.

Arusi ilifanyika kwenye ukumbi mjini Hopkins. Daktari alikuwa amemkataza kusimama sana, basi Euphrasie alicheza mabega akiwa kitini, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele!

Kabla majani ya miti hayajaanza kupukutika, kidonda kilifunga kabisa. Euphrasie alifurahi hata akamwomba mchungaji amwalike Fathiya kupima watu sukari baada ya ibada. Watu walijipanga mpaka nje.

Callixte alikuja wa mwisho. "Mimi ni mzima kama chuma!" alijigamba.

Fathiya akasoma kipimo. "Shemeji, imepanda kidogo. Bado si kisukari. Ukibadilisha chakula na kutembea kwa miguu, unaweza kukizuia kisije."

"Kweli naweza?"

"Kabisa. Ila urudi tupime tena."

Euphrasie akamshika mumewe mkono. "Umesikia? Tumekiwahi!"

Callixte alitazama gari lake, kisha barabara. Akazirudisha funguo mfukoni. Wakaliacha gari palepale kanisani, wakarudi nyumbani kwa miguu, wakicheka njia nzima.